Mwalimu Nyerere na Mabaraza ya Wananchi: Kiongozi Aliyekiri Kosa



Ifikapo tarehe 14 Oktoba kila mwaka, taifa letu humkumbuka Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyefariki dunia siku hiyo mwaka 1999. Sisi waamini tunayo sababu ya ziada ya kumkumbuka. Mwaka 2005 ulianza, katika Jimbo la Musoma, mchakato wa kuchunguza maisha na fadhila zake, na tangu hapo tunamwita Mtumishi wa Mungu. Habari zake zinazosimuliwa mara nyingi ni zile za uhuru, za Azimio la Arusha na za ukombozi wa kusini mwa Afrika. Leo tumekusudia kumtazama kwa upande usiozungumzwa sana: jinsi alivyohusiana na mabaraza madogo ya wananchi, yaani halmashauri za wilaya na miji, serikali za vijiji, na vyama vya ushirika vya wakulima.

Upande huo unatugusa sisi wa Migato na wa Simiyu yote kuliko tunavyodhani, kwa kuwa mengi ya hayo yalitendeka juu ya ardhi hii na juu ya mazao ya wazee wetu. Ndani yake limo kosa kubwa la uongozi, na limo pia ungamo la kosa hilo. Mtu ambaye Kanisa linampima hahitaji kufichiwa makosa yake. Anahitaji kutazamwa jinsi alivyoyapokea.

Mtoto wa chifu chini ya mti

Kambarage alizaliwa Butiama, katika nchi ya Wazanaki, tarehe 13 Aprili 1922. Baba yake alikuwa Chifu Nyerere Burito. Mama yake, Mgaya Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano kati ya wake 22 wa chifu huyo. Alikulia katika desturi ambayo sisi Wasukuma nasi tunaifahamu vema: wazee hukaa chini ya mti, kila mmoja husema lililo moyoni, na mazungumzo huendelea hadi wakubaliane. Baadaye Mwalimu aliandika mara kwa mara juu ya mazungumzo hayo ya wazee, akiyaona kuwa ndiyo mizizi ya demokrasia ya Kiafrika. Tukiweke akilini kiti hicho cha chini ya mti, maana tutakirudia.

Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, alianza shule ya Mwisenge mjini Musoma. Mwaka 1937 akaenda Shule ya Serikali ya Tabora, na mwaka 1943 akaingia Chuo cha Makerere nchini Uganda. Wakati baba yake yu hai hakubatizwa. Burito alifariki mwaka 1942, na tarehe 23 Desemba 1943 kijana Kambarage alipokea Ubatizo katika misioni ya Nyegina, akachukua jina la Julius. Alikuwa mtu mzima aliyeichagua imani kwa hiari, baada ya kufundishwa na kutafakari.

Alipotoka Makerere angeweza kufundisha katika shule ya serikali. Alikubali badala yake mwaliko wa Padre Richard Walsh wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, akaenda kufundisha shule ya Mtakatifu Maria mjini Tabora. Huko alijiunga na shughuli za Chama cha Waafrika wa Tanganyika, TAA. Padre Walsh alimsaidia pia kupata nafasi ya masomo ya juu, na kuanzia mwaka 1949 hadi 1952 Mwalimu alisoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh nchini Uskoti.

Mwalimu wa Pugu na wenyeji wa Dar es Salaam

Aliporudi alimwoa Maria Gabriel Magige, Januari 1953, kisha akapangiwa kufundisha shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Wakati huo Dar es Salaam ilikuwa mji uliogawanyika kwa rangi. Wazungu walikaa karibu na bahari, Wahindi katikati ya mji, na Waafrika katika Kariakoo na mitaa ya pembezoni. Mji ulipewa hadhi ya manispaa mwaka 1949, lakini wengi wa wakazi wake hawakuwa na kura katika kuuendesha.

Ndipo mwalimu huyu Mkatoliki kutoka bara alipokutana na wenyeji wa mji, wengi wao Waislamu, waliokuwa wameibeba TAA kwa miaka mingi kabla yake. Abdulwahid Sykes, Dossa Aziz na John Rupia walikuwa miongoni mwa waliompokea, wakamfungulia nyumba zao na kutumia fedha zao wenyewe. Mwaka 1953 alichaguliwa kuwa rais wa TAA, na tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kikageuzwa kuwa TANU. Bibi Titi Mohamed aliongoza sehemu ya wanawake, akaingiza katika chama maelfu ya akina mama. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi na mhubiri wa jumuiya ya Ahmadiyya, akawa mwaka 1960 Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam. Mkatoliki huyo alijifunza siasa ya mji mezani pa Waislamu, wala imani yake haikupungua.

Machi 1955 Mwalimu alisafiri kwenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporejea alibanwa achague kati ya ualimu na siasa. Akaacha kazi yenye mshahara, akarudi Butiama na mkewe na mtoto mchanga. Kwa miezi kadhaa alimfundisha lugha ya Kizanaki padre mmoja wa Shirika la Maryknoll, kisha akaendelea na safari zake za kujenga chama.

Usukuma ilipofungiwa

Wakati TANU ikienea kwingineko, Usukuma ilifungiwa mlango. Mwishoni mwa mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilikataza matawi ya TANU katika nchi yetu, na katazo hilo lilidumu hadi mwaka 1958. Sababu yake haikuwa ngumu kuitambua. Usukuma ilikuwa na watu wengi, ng'ombe wengi na pamba nyingi, na serikali ilikuwa imeanzisha mpango mkubwa wa kuiendeleza. Mpango huo uliwaletea wakulima amri nyingi: amri ya matuta, amri ya kupunguza mifugo, na malipo ya kila namna. Watemi na wanangwa, ambao zamani walisikiliza wazee, walifanywa watekelezaji wa amri kutoka juu, na baraza lao la pamoja likawekwa Malya, huko Kwimba.

Hata hivyo watu hawakukaa kimya. Waliposhindwa kukutana kwa jina la siasa walikutana kwa jina la pamba. Wakulima, wakiongozwa na Paul Bomani, waliunda vyama vyao vya msingi ili kujipimia wenyewe mazao yaliyokuwa yakipunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Mwaka 1955 vyama hivyo viliungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lenye makao Mwanza, ambalo kwa muda mfupi likawa moja ya mashirika makubwa ya ushirika ya Waafrika katika bara zima. Liliendesha vinu vya kuchambua pamba, na uongozi wake ulitoka kwa wakulima wenyewe.

Mwaka 1958 serikali ilipoweka Geita baraza la wilaya lenye watu wa rangi mbalimbali, pasipo ridhaa ya wenyeji, maelfu ya watu walikwenda Mwanza kupinga. Hawakupinga kukaa pamoja na watu wa rangi nyingine. Walikataa kupangiwa na mtu mwingine nani akae barazani kwao.

Mwalimu alikuwa upande wao. Mwaka 1957 alizuiwa kwa muda kuhutubia mikutano ya hadhara. Mwaka 1958 alishtakiwa kwa sababu aliandika, katika jarida la TANU, maneno makali dhidi ya wakuu wawili wa wilaya ambao kwa maoni yake waliwaonea wananchi. Mahakama ilimtia hatiani, ikamtaka alipe faini ya shilingi 3,000 au aende jela miezi sita. Alilipa faini. Tulitambue hilo vizuri: mashtaka yaliyokaribia kumtia gerezani yalitokana na kuwatetea watu wa wilayani dhidi ya ofisa aliyeteuliwa bila wao.

Uhuru, na uamuzi wa mwaka 1972

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka mmoja baadaye Mwalimu akawa Rais. Mwaka 1963 serikali yake ilifuta mamlaka ya machifu, na kwa hatua hiyo akaondoa pia kiti cha ukoo wake mwenyewe, kilichokuwa kikikaliwa na kaka yake Edward Wanzagi. Mahali pa watemi pakawekwa halmashauri za wilaya zenye madiwani waliochaguliwa.

Halmashauri hizo zilizaliwa maskini. Zilipewa shule, zahanati na barabara za kuangalia, bali fedha zilikuwa chache na watumishi wenye ujuzi hawakutosha. Kodi ya kichwa ilipofutwa mwaka 1969, na ushuru wa mazao mwaka uliofuata, mifuko yao ikawa mitupu kabisa. Mwalimu aliona wananchi wakisubiri maji na dawa, akaona pia madiwani wasio na uwezo wa kuvileta. Aliwaita washauri wa kampuni ya McKinsey kutoka Marekani, na mwaka 1972 akatangaza mpango ulioitwa Madaraka Mikoani. Tangu tarehe 1 Julai mwaka huo halmashauri za wilaya zilifutwa. Mwaka 1974 zikafuata halmashauri za miji.

Nia ilikuwa njema. Mwalimu alitaka maamuzi yatoke Dar es Salaam yasogee karibu na wananchi. Lakini kilichosogea kilikuwa ofisi. Mikoani na wilayani walikuja wakurugenzi wa maendeleo, watu wenye elimu na magari, walioteuliwa kutoka juu na waliotoa hesabu kwa wale wa juu. Diwani aliyekaa jirani na watu na kuulizwa nao kwenye mnada au baada ya Misa, huyo alitoweka. Kiti cha chini ya mti kikabaki wazi, na aliyekiondoa ni yule yule aliyekulia pembeni yake, aliyeshtakiwa kwa kuwatetea watu dhidi ya ofisa wa kuteuliwa.

Miaka ile ile ilikuja operesheni ya vijiji. Mwaka 1973 ilitolewa amri kwamba wananchi wote wa vijijini wawe wamehamia katika vijiji kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Zaidi ya watu milioni 10 walihesabiwa kuwa wakazi wa vijiji hivyo operesheni ilipokwisha. Bariadi na Itilima za leo wakati huo zilikuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga. Desturi ya Wasukuma ilikuwa kila kaya kukaa katika eneo lake, na mashamba na malisho yakiizunguka. Sasa kaya hizo zilipangwa kwa mistari, mbali na mashamba na visima vya zamani. Wengine walihama kwa hiari, wakifurahia shule na zahanati. Wengine walihamishwa kwa nguvu, na katika sehemu mbalimbali za nchi nyumba zilichomwa moto ili wenyewe wasirudi. Halmashauri ya kuwasemea haikuwapo.

Halikuishia hapo. Katikati ya miaka ya 1970, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, vyombo vya dola vilipowasaka waliotuhumiwa kwa mauaji ya vikongwe na wengine, watu waliokamatwa waliteswa, na baadhi yao wakafa mikononi mwa walinzi wao. Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu ili kubeba dhamana ya jambo ambalo hakulitenda kwa mkono wake. Mwalimu alipokea kujiuzulu huko, na waliohusika walifikishwa mahakamani. Hata hivyo marehemu hawakurudi kwa jamaa zao. Tunawataja katika sala zetu, ingawa majina yao hayamo katika vitabu vya shule.

Ushirika nao ulipoondolewa

Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchini kote. Kweli ndani ya baadhi yao kulikuwa na wizi na upendeleo, na wakulima wenyewe walikuwa wakilalamika. Ila dawa iliyotolewa ilimwondoa mgonjwa pamoja na ugonjwa. Kazi ya kununua pamba ilikabidhiwa mamlaka ya serikali. Mkulima aliyekuwa mwanachama, mwenye haki ya kusimama katika mkutano mkuu na kuuliza fedha zimekwenda wapi, alibaki muuzaji tu. Malipo yalichelewa, pamba ikalala maghalani, na wengi wakapunguza kilimo chake. Chombo ambacho wazee wa Usukuma walikijenga chini ya macho ya mkoloni kilifutwa na serikali yao wenyewe.

Mijini hali ilikuwa vile vile. Dar es Salaam, iliyokuwa imepewa hadhi ya jiji mara baada ya uhuru, ilikosa chombo chake cha kuzoa taka, kuzibua mifereji na kutengeneza barabara. Kipindupindu kilipoingia nchini katika miaka ya mwisho ya 1970, kila mtu aliona gharama ya mji usio na mwenyewe. Mwaka 1978 ikatungwa sheria ya muda ya kurudisha halmashauri za miji.

Hapa Usukuma na Unyamwezi, ambako wezi wa ng'ombe walizidi na ofisa alikuwa mbali, wananchi mwanzoni mwa miaka ya 1980 walianzisha sungusungu. Walijichagulia viongozi, wakagawana zamu, wakalinda mifugo yao. Baadhi ya maofisa waliwatazama kwa hofu, wakataka wazuiwe. Mwalimu na chama chake waliwaunga mkono. Sungusungu nao walikuwa na makosa yao, na katika sehemu nyingine walihukumu pasipo haki, hasa wanawake wazee. Hata hivyo walionyesha jambo moja: watu wakinyang'anywa baraza huunda jingine, nalo lisipolindwa na sheria huweza kudhuru pamoja na kulinda.

Kurudisha na kukiri

Mwaka 1982 Bunge lilipitisha sheria mbili za serikali za mitaa, moja kwa wilaya na nyingine kwa miji, pamoja na sheria mpya ya ushirika. Halmashauri zilianza kazi tena tarehe 1 Januari 1984. Mwaka huo huo Katiba ya nchi ilifanyiwa marekebisho, na serikali za mitaa zikawekwa ndani yake, katika ibara ya 145 na ya 146, ili asitokee tena mtu wa kuzifuta kwa tangazo. Aliyekuwa madarakani wakati zinafutwa ndiye aliyekuwa madarakani wakati zinarudishwa.

Viongozi wengi wamewahi kubadili sera. Wachache wamesema wazi kwamba walikosea. Mwaka 1984, akiwa bado Rais, Mwalimu aliulizwa katika mahojiano na jarida moja la kigeni ni mambo gani asingeyarudia kama angeanza upya. Alitaja mawili: kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika. Alieleza kwamba vyombo hivyo viwili vilikuwa njia ya wananchi kushiriki, na kwamba yeye na wenzake walikosa subira. Hakumtupia lawama mshauri wa kigeni, wala waziri, wala ukame, ingawa angeweza kuwataja wote.

Mwaka uliofuata, Novemba 1985, aliondoka Ikulu kwa hiari na kumwachia kiti Ali Hassan Mwinyi, yule yule aliyewahi kujiuzulu kwa ajili ya marehemu wa Mwanza na Shinyanga. Mwaka 1990 aliacha uenyekiti wa chama, akarudi Butiama kulima na kusoma. Alizitafsiri Injili na Matendo ya Mitume kwa tenzi za Kiswahili. Waliomjua tangu siku za urais walimzoea akishiriki Misa ya kila siku, akikaa pamoja na waamini wengine. Alifariki katika hospitali ya Mtakatifu Thomas, London, kwa ugonjwa wa saratani ya damu, akazikwa Butiama tarehe 23 Oktoba 1999.

Kanisa lina kazi ya kupima mambo yote ya maisha yake, pamoja na sheria ya mwaka 1962 iliyoruhusu watu kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa, na machozi ya operesheni. Sisi hatutangulii hukumu ya Kanisa. Tunasema tu kwamba katika jambo hili la mabaraza ya wananchi tumeonyeshwa njia ambayo kila mwungamaji anaifahamu: kulitambua kosa, kulikiri kwa kinywa, na kurudisha kilichochukuliwa.

Kanuni ya auni na sisi wa leo

Mafundisho ya Kanisa juu ya jamii yana jina kwa jambo hili. Yanaitwa kanuni ya auni. Papa Pius XI aliifafanua mwaka 1931 katika waraka wake Quadragesimo Anno, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki inaieleza katika namba 1883 na zinazofuata. Maana yake ni kwamba jambo ambalo familia, kijiji au chama kidogo kinaweza kulitenda, mkubwa asikinyang'anye. Kazi ya mkubwa ni kukiauni, yaani kukisaidia, pale kinapozidiwa. Msingi wake ni heshima ya mtu. Mungu mwenyewe, aliye na uwezo wote, hakutaka kutenda yote peke yake, bali amewashirikisha viumbe wake kazi ya kutunza ulimwengu. Mwalimu alikuwa ameijua kanuni hii kama Mkatoliki na kama mtoto wa chini ya mti. Haraka ya kuleta maendeleo ilimfanya aipite, na uchungu wa matokeo ukamrudisha kwake.

Ni jambo la kutafakari kwamba katika miaka ile ile ambayo mabaraza ya kiserikali yalifutwa, maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mikutano yao ya AMECEA ya mwaka 1973 na 1976, waliamua kwamba Kanisa lijengwe juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Kanisa lilishuka kwenda kwa majirani wakati serikali ilikuwa ikipanda kwenda ofisini. Hadi leo jumuiya hizo ndizo zinazozika wafu wetu, kuwatembelea wagonjwa na kupatanisha waliogombana.

Basi tujiulize. Sheria ile ya mwaka 1982 inatambua mkutano mkuu wa kijiji, ambamo kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ana sauti, kuwa ndicho chombo cha juu kabisa cha kijiji. Ni wangapi kati yetu tunahudhuria mkutano huo ukiitwa? Ni wangapi tunabaki mpaka taarifa ya mapato na matumizi isomwe, na kuuliza kwa adabu pale isipoeleweka? Katika chama cha ushirika cha pamba, je, tunamchagua kiongozi kwa uaminifu wake, au kwa kuwa ni wa ukoo wetu, au kwa kile alichotugawia siku moja kabla? Katekisimu, namba 2240, inafundisha kwamba kulipa kodi na kupiga kura ni wajibu wa dhamiri. Anayekaa nyumbani siku ya mkutano, kisha akalalamika kisimani, amekitupa kwa mkono wake mwenyewe kile ambacho wazee wake walinyang'anywa kwa nguvu.

Na kwa wale kati yetu waliokabidhiwa uongozi, wawe wenyeviti wa vitongoji na vijiji, madiwani, viongozi wa AMCOS, au viongozi wa jumuiya na wa halmashauri ya walei, maisha haya yanauliza swali gumu zaidi. Je, tuna subira ya kuwangoja watu wafikie uamuzi wao, hata kama sisi tunadhani tunajua njia ya mkato? Na tukikosea, je, tuna ujasiri wa kusimama mbele ya wale wale tuliowakosea, kusema tumekosa, na kurudisha?

Tunamwomba Mungu ampe Mtumishi wake Julius pumziko la milele, awapokee katika amani yake wote walioumia katika miaka ile, na atujalie sisi wa Migato na Simiyu nzima moyo wa kukaa pamoja, kusikilizana na kulindana. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.